Kidole cha Katibu

Kalamu ilimtoka Agape mkononi katikati ya mtihani wa Historia wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ikabingirika hadi chini ya dawati la jirani. Aliinama akaiokota, akaandika mstari mmoja, na maumivu yakapanda kutoka kwenye shina la kidole gumba hadi karibu na kiwiko, kama vile mtu amevuta uzi ulioshonwa ndani ya nyama. Akaibana kalamu baina ya kidole cha shahada na cha kati, kidole gumba akakiacha kinaning'inia pembeni kama cha mtu mwingine. Mwandiko ukatoka umelala. Swali la Vita vya Majimaji, ambalo alilijua kuanzia chanzo hadi matokeo, alikuwa amelifikisha nusu kengele ilipolia.

Mwalimu Wilbard, mwalimu wa taaluma, alikuwa amesimama nyuma yake kitambo bila yeye kujua. Aliichukua karatasi, akautazama mwandiko, akayatazama macho ya Agape yaliyokuwa mekundu, akapita. Aliyoyaona aliyasema kesho yake asubuhi, mstarini, mbele ya shule nzima. Alisema kuna wanafunzi wameleta ugonjwa mpya shuleni: usiku wanakesha na simu, mchana hata kalamu hawawezi kushika, na ugonjwa huo hautibiwi kwa panado. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, kwa sababu alikuwa anamwangalia Agape, na mstari mzima wa kidato cha nne uligeuza shingo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeyajua mambo hayo kuliko yeye. Mapema mwaka ule muuguzi alikuja shuleni kuzungumza juu ya simu na afya: jinsi mwanga wa kioo unavyofukuza usingizi, macho yanavyokauka mtu anaposahau kupepesa, shingo inavyolemewa na kichwa kilichoinama. Agape ndiye aliyechaguliwa kutoa neno la shukrani, na aliyarudia yale mafundisho moja baada ya jingine mpaka muuguzi akampigia makofi. Walipotoka nje, rafiki yake Sumaiya, binti wa mfanyabiashara wa Makanya aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake huku mlimani, alisema hayo yote anayajua, simu yenyewe ilishamwambia. Wakacheka. Ilikuwa kweli. Video za kueleza madhara ya simu walizitazama kwenye simu, wamelala chali, taa imezimwa.

Simu ambayo Agape alikuwa akikesha nayo haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake, Eliufoo, dalali wa tangawizi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyejulikana kuanzia vijiji vya Mamba mpaka sokoni Same. Yeye ndiye aliyekusanya tangawizi ya majirani, akaitafutia mnunuzi, akaipakia kwenye lori la Fuso la kushuka tambarare. Zamani wanunuzi walipiga simu. Siku hizi waliandika. Waliandika kutoka Dar es Salaam, Arusha, hata Mombasa, wakitaka picha ya mzigo, bei ya leo, picha nyingine iliyopigwa juani, bei ya mwisho, bei ya mwisho kabisa.

Jioni, Agape akishavua sare tu, baba alimkabidhi simu, akavuta kigoda, akaanza kumtajia maneno ya kuandika. Mwambie huyo mzigo wangu haujachanganywa na wa mwaka jana. Mwambie yule kwa bei hiyo akanunue viazi. Agape aliandika kwa kidole gumba cha kulia, kwa kasi ambayo wageni waliosimama mlangoni waliishangaa. Baba alimwita katibu. "Huyu ndiye ofisi yangu," alikuwa akiwaambia watu, na Agape alipokuwa kidato cha pili neno hilo lilimfanya atembee kifua mbele. Sasa kila alipolisikia alihisi kidole kikipwita.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo alilijua peke yake. Wanunuzi wakishanyamaza na baba akishalala, simu ilibaki kwake. Huo ndio ulikuwa mshahara wake. Alitazama mitindo ya kusuka, alitazama kwaya za mbali, alitazama wasichana wa Dar wakichekea vitu ambavyo hata havichekeshi, naye akicheka, mpaka macho yakawa kama yametiwa mchanga. Kwa hiyo mwalimu Wilbard aliposema mstarini kwamba watu wanakesha, Agape hakuweza kujiambia kuwa ni uongo. Nusu ya mkesha ilikuwa ya baba, nusu ilikuwa yake, na kidole hakikujua kutofautisha.

Baba aliitwa shuleni. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha wageni ofisini, kofia magotini. Agape alisimama kando ya kabati la vitabu. Mwalimu Wilbard aliiweka karatasi ya Historia mezani, akaeleza alichokiona: binti alikuwa miongoni mwa wanaotegemewa kuleta daraja la kwanza, na sasa anaandika kama mtoto wa chekechea kwa sababu ya simu. Eliufoo aliipokea karatasi, akaitazama kwa mbali, akairudisha.

"Mzee, nyumbani simu anapewa na nani?" mwalimu aliuliza.

Eliufoo alikohoa. Agape alimtazama. Alikuwa anasubiri maneno machache tu, kwamba ni kazi, kwamba namtuma mimi. Hata kama angesema nusu yake ingetosha.

"Watoto wa siku hizi, mwalimu," baba alisema. "Ukificha huku, wanaitoa kule. Nitamkanya."

Mwalimu akamgeukia Agape. "Umemsikia mzazi wako?"

"Nimemsikia, mwalimu."

Adhabu ilikuwa kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Aliifyeka kwa mkono wa kushoto, wanafunzi wa vidato vya chini wakimchungulia dirishani. Alipomaliza alimkuta baba anamngoja getini, wakaongozana kwenda nyumbani, baba mbele, yeye nyuma, katikati ya migomba. Walifika darajani. Hapo baba, bila kugeuka, alisema jioni ile kuna mtu wa Mombasa anataka picha za mzigo. Jioni alipiga picha zile, akazituma, na kila herufi aliyoigusa ilimuuma, ndani ya kidole na ndani ya kifua.

Mama yake, Nakundwa, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Alimwona Agape anashindwa kukamua nguo. Akamwona anasonga ugali kwa kuukumbatia mwiko kwa kiganja kizima. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba mtoto anayeongoza darasani hakosi wenye husuda, na kwamba mkono wa kuandikia ndio wa kwanza kupigwa. Mama alimshukuru jirani kwa adabu. Akatwanga tangawizi, akaipasha moto, akamfunga binti yake kidole kwa kitambaa. Asubuhi kidole kilikuwa kimevimba vilevile, na Agape alishindwa kufunga vifungo vya shati la shule.

"Vua sare," mama alisema. "Leo tunashuka Same."

Alitumia fedha yake ya kikoba cha akina mama, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ya jiko, na hakumuuliza mumewe. Waliondoka na gari la alfajiri, likashuka kona baada ya kona mpaka baridi ya mlimani ikabaki nyuma na jua la tambarare likawapokea. Hospitalini waliketi kwenye benchi na watu wengi, wakaitwa mchana, wakaingia kwa mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Alimwambia Agape akunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha akaiinamisha ngumi ile kuelekea upande wa kidole cha mwisho, polepole. Agape alilia kwa sauti kabla hajajua kuwa analia.

"Unachati sana?"

"Naandika bei ya tangawizi," Agape alisema.

Kijana alicheka, kisha alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Alieleza kuwa kano zinazovuta kidole gumba hupita ndani ya ala nyembamba, kama kamba ndani ya mfereji. Kidole kikifanyishwa kazi ileile bila kupumzika, ala hiyo huvimba, kano zinakwaruzana ndani, na mwisho mtu hawezi kushika hata kijiko. Akauliza habari za usingizi. Agape akamwambia kuhusu usingizi, na bila kuulizwa akaendelea: macho, kichwa kinachouma upande wa nyuma, shingo, na sababu ya kila kimoja, kama alivyoisema siku ya muuguzi.

"Kumbe unajua," kijana alisema.

"Najua."

"Sasa kwa nini huachi?"

Agape alimtazama mama yake. Nakundwa alikuwa ameketi na mkoba mapajani, macho kwenye sakafu.

"Kwa sababu sisi wazazi wake ndio tunaompa," mama alisema.

Walipewa mkanda mgumu wa kushikilia kidole na kifundo cha mkono, na masharti: asiguse simu kwa mkono ule wiki zote atakazouvaa, akande kwa maji baridi, na akirudi kwenye kalamu aizungushie kitambaa iwe nene, kidole kisilazimike kubana. Isipopona kuna sindano, lakini kijana hakudhani kama watafika huko. Agape aliuliza kitu kimoja tu, kama ataweza kuandika mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Akajibiwa kuwa ataweza, mradi mapumziko yaanze leo, si kesho.

Jioni ile baba alinyoosha mkono kumpa simu, kama kawaida, akauona ule mkanda. Mkono ukabaki hewani.

Agape alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, kona baada ya kona. Hakukaa. Alisema anaomba kusema, na baba akamwambia aseme. Alianza na kosa lake: kwamba kila usiku, kazi ya wanunuzi ikiisha, aliendelea kutazama mambo yake, na hilo hakutumwa na mtu, na ameliacha kuanzia leo. Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akidhani maneno yameisha.

"Na la kwako pia nimeliacha, baba," Agape alisema. "Siandiki tena."

"Na mzigo?"

"Mzigo ni wako na simu ni yako. Kuna mahali pa kusemea, unabonyeza na kuongea, mtu anaisikia sauti yako kama ilivyo. Nitakuonyesha."

Eliufoo alisema mfanyabiashara hawezi kukaa anaongea na kioo kama mtu aliyepandwa na pepo. Alisema wateja watamdharau. Alisema mtihani uko mbali na tangawizi iko uani. Aliyasema yote hayo kwa ile sauti yake ya kwaya, na Agape alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamjibu kuwa amesikia, ila mkono ni wake na mtihani ni wake. Hakupaza sauti. Yeye mwenyewe alijishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nakundwa aliinuka kutoka jikoni, akaichukua simu kutoka mkononi mwa mumewe, akamwekea mapajani. "Simu yako hiyo, Baba Agape," alisema, akarudi kwenye sufuria la makande.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu kwa Eliufoo. Hakukubali kufundishwa pale pa kusemea, maana kufundishwa na mtoto aliyemkatalia aliona ni kushindwa mara mbili. Alijifungia chumbani na simu, akatoka jasho limemtoka. Kundi la simu la wazee wa usharika wa kanisa, likiwa katikati ya kutangaza msiba, lilipokea kutoka kwake picha ya magunia, na mchungaji akapiga simu kuuliza kama hiyo ndiyo pole yake. Agape aliyasikia haya kutoka chumba cha pili, akiwa ameshapanda kitandani kabla ya taarifa ya habari kwisha redioni. Siku za mwanzo usingizi ulimsumbua, akawa anapapasa mto akitafuta simu isiyokuwepo. Baadaye akawa anaamka na kichwa chepesi, na ubao wa darasani, ambao alikuwa ameanza kuudhani umefifia, akauona vizuri.

Kisha likaja jambo la Habibu. Habibu alikuwa mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam, naye alikuwa ameagiza Fuso zima. Majirani walichimba, wakaosha, wakaleta. Ua ukajaa magunia mpaka kuku wakakosa njia. Siku ya gari ikafika, gari halikuja. Kesho yake pia halikuja. Majirani wakaanza kupita mmojammoja, wakisalimia kwa muda mrefu kuliko kawaida, wakiuliza habari za nyumbani huku macho yako kwenye magunia. Tangawizi iliyooshwa haikai; ya pembeni ilishaanza kusinyaa. Eliufoo aliwaambia Habibu ni tapeli, ameingiwa na tamaa.

Agape alirudi kutoka shule akamkuta baba peke yake katikati ya ua. Alimwomba simu, kwa mkono wa kushoto, asome tu. Ujumbe wa Habibu ulikuwa pale, mrefu na wa adabu: Mzee Eliufoo, nimesikia mzigo wako haujatimia, kama ndivyo niambie mapema nichukue wa Kigoma, nisikusumbue. Chini yake baba alikuwa amejibu kwa kile kikaragosi cha kidole gumba kilichosimama.

"Baba, amekuuliza achukue wa Kigoma. Umemkubalia."

Eliufoo alikaa juu ya gunia. "Nilijua anauliza kama tuko tayari."

"Hukusoma?"

Alichukua simu, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza tena, mkono ukanyooka wote. "Herufi zinaungana," alisema. "Mwaka wa tatu sasa. Naisogeza mbali nizione, mkono unaniishia."

Agape alisimama. Aliikumbuka karatasi yake ya Historia, jinsi baba alivyoitazama kwa mbali na kuirudisha. Alikuwa amejiambia kwamba baba aliona aibu kwa mwandiko ule mbaya. Kumbe hakuuona kabisa. Hasira aliyokuwa nayo tangu siku ya ofisini haikuondoka, lakini ilipata mwenzake, huruma, na hivyo viwili vikabanana kifuani bila kupatana.

"Ungemwambia mwalimu," alisema.

"Ningemwambia nini? Kwamba Eliufoo, dalali mzima, anasomewa na mtoto?"

"Ndiyo," Agape alisema. "Hivyohivyo."

Majirani wawili waliokuja kuulizia magunia yao wakaingia uani. Wakati ule baba angeweza kurudia habari ya utapeli. Badala yake alimpigia Habibu, akaiweka simu kwenye spika, watu wote wasikie. Akamwambia kosa si lake Habibu. Akamwambia hakuusoma ujumbe, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi ya simu, na alibonyeza asichokijua. Kutoka upande wa pili Habibu akasema mzee ungepiga tu, hata mimi maandishi yananichosha. Alikuwa amekwisha kununua sehemu ya mzigo Kigoma. Akakubali kuchukua uliobaki, kwa bei ya chini kidogo. Eliufoo aliwageukia majirani akawaambia kilichopungua atakibeba yeye. Hakuna aliyemcheka. Mmoja wao, alipokuwa anatoka, alimuuliza kwa sauti ndogo miwani ya kusomea inapatikana wapi.

Kikao cha wazazi wa kidato cha nne kilifanyika wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Wazazi waliketi kwenye madawati, wanafunzi walisimama wameegemea ukuta. Mwalimu Wilbard alisoma matokeo ya moko, kisha akaingia kwenye habari ya simu, akisema watoto wanajiua wenyewe na wazazi hawana habari. Eliufoo, aliyekuwa safu ya nyuma, alinyoosha mkono. Miwani mipya ilikuwa puani, bado hajaizoea, ameishika kwa kidole isidondoke.

"Mimi nimekuja kukata rufaa," alisema. "Nakata rufaa dhidi ya maneno yangu mwenyewe."

Darasa zima likacheka, kicheko cha watu wanaojua kuwa Mpare na kesi hawaachani. Aliwasubiri wanyamaze. Kisha akasema yote, bila kupamba: kwamba aliulizwa ofisini simu mtoto anapewa na nani, akamsingizia mtoto, kwamba simu alimpa yeye, kila jioni, kwa biashara yake, kwamba kidole cha mtoto kimeharibikia kwenye bei zake za tangawizi, na mtoto akafyeka nyasi kwa kosa la baba. Alisema alificha kwa sababu aliona aibu ya macho. Alipoketi, shangazi wa Sumaiya, aliyekuwa akiuza madera kwa simu, alikuwa ameinamisha uso, na Sumaiya pale ukutani alikuwa anamtazama shangazi huyo tu.

Mwalimu Wilbard alikunja karatasi zake, akazikunjua. Akamuuliza Agape kama ana la kusema.

Agape alitoka ukutani hatua moja. Mkanda ulikuwa ungali mkononi. "Si yote ya baba, mwalimu," alisema. "Kazi yake ilipoisha niliendelea na yangu, hakuna aliyenilazimisha. Tulifundishwa madhara, na tuliyashika. Ila tulifundishwa sisi peke yetu. Mimi naomba yule muuguzi akija tena, aitwe siku ya wazazi."

Alirudi mahali pake. Akina mama wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti za chini, na mtu mmoja nyuma akasema aje hata wiki ijayo. Mwalimu Wilbard hakuomba radhi pale. Hakuwa mtu wa kufanya hivyo mbele ya wazazi. Lakini Jumatatu, mstarini, alisema kuna mwanafunzi alimsema vibaya kabla ya kumuuliza, na safari hii akamtaja kwa jina. Mstari wa kidato cha nne ukageuza shingo tena. Agape aliwaacha wamtazame.

Mkono haukupona kwa siku moja. Ulikuja polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea: kwanza kifungo cha shati, kisha mwiko, kisha aya nzima kwa kalamu aliyoifunga kitambaa cha kanga ya mama. Alijipimia mwenyewe muda wa kuandika na muda wa kupumzisha, akawafundisha na wenzake kunyoosha shingo na kutazama milima ya mbali kila wanapomaliza somo. Sumaiya alimwambia kuwa shangazi yake sasa anauza madera mpaka jua linapozama tu, na wateja hawajakimbia. Usiku wa kuamkia mtihani wa kwanza, Agape alipanga kalamu zake, akala, akaaga, akaingia kulala mapema.

Eliufoo alibaki sebuleni na simu. Alikuwa amekwisha kukubali pale pa kusemea, akapapenda kupita kiasi. Alibonyeza, akaanza kumweleza mtu wa Mombasa, kwa sauti ile ya kwaya, kwamba tangawizi haiozi kwa usiku mmoja na bei wataongea kesho mchana.

"Baba Agape," mkewe alimwita kutoka mlangoni. "Punguza sauti. Mtoto amelala."

Aliachia kitufe. Akasikiliza kidogo upande wa chumba cha binti yake, kulikuwa kimya. Akavaa koti lake, akafungua mlango taratibu usilie, akatoka uani na simu yake, akaenda kumalizia maneno yake huko nje, kwenye baridi, katikati ya magunia.